Hakuna Pori Tupu Ufipa

Kuna maneno mawili ninayoyaogopa kuliko jembe na kuliko moto wa kiangazi: pori tupu. Utayasikia kwenye mkutano wa kijiji mgeni anapotafutiwa eneo. Utayasikia siku ya kupanda miti, mgeni rasmi akiwa ameshika mche wa msonobari na wapiga picha wamejipanga. Utayasikia hata ndani ya basi linalotoka Tunduma. Abiria anachungulia dirishani, anaona majani yanapanda kilima na kushuka kilima kingine, kisha anauliza kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba: "Huku kwenu miti ilikwenda wapi?"

Naandika nikiwa Kizwite, hapa hapa Sumbawanga mjini. Watu wa huku tumezoea kutajwa kwa mahindi, kwa baridi ya mwezi wa sita na kwa utani wa uchawi ambao umewachosha hata wanaoutania. Sijawahi kusikia tukitajwa kwa maua. Ndiyo maana ugomvi wangu leo ni na maneno hayo mawili, na shahidi ninayemleta ni okidi.

Usicheke. Najua okidi kwa wengi wetu ni ua la mapokezi ya hoteli na la kadi za harusi. Okidi ninazozisema hazioti kwenye vyungu wala hazipandi juu ya miti. Zinaota ardhini, katikati ya majani, kwenye vilima na kwenye mabonde ya unyevu ya uwanda wa Ufipa na ya Nyanda za Juu Kusini kwa jumla. Kiangazi chote huzioni, zimelala chini kama viazi. Mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, zinachomoza shina moja lenye maua yaliyopangana kama suke la mtama. Jenasi mojawapo inaitwa Satyrium. Ina spishi karibu 90, nyingi zikiwa Afrika na Madagaska, na chache sana zimefika Asia.

Ua la Satyrium ni dogo, lina umbo la kofia, na nyuma ya kofia hiyo inaning'inia mikia miwili. Ndani mikia iko wazi kama mrija, na humo ndimo inamokaa nekta, ule utamu ambao nyuki huugeuza asali. Anayeitaka lazima aingize ulimi wake hadi chini. Akifanya hivyo anagusa chavua, na chavua ya okidi haipeperuki kama ile ya mahindi. Imefungwa kwenye vifurushi vyenye gundi. Mgeni anaondoka na kifurushi kimemnata, anakipeleka kwenye ua linalofuata, na hapo mbegu inatungwa.

Sasa fikiria urefu wa mkia. Mkia mfupi unamfaa mgeni mwenye ulimi mfupi. Mkia mrefu unamwacha huyo na njaa, unamkaribisha mwenye ulimi mrefu. Ua likibadili mkia limebadili mgeni, na likibadili mgeni limeanza safari ya kuwa ua jingine.

Safari hiyo imeonekana na kupimwa. Mwaka 1997 mwanabiolojia wa Afrika Kusini, Steven Johnson, alichapisha utafiti kuhusu Satyrium hallackii. Zile zinazoota pwani zina mikia mifupi, na wanaozihudumia ni nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao. Zile za nyanda za majani barani zina mikia mirefu, na wanaozihudumia ni nondo wakubwa wanaoelea mbele ya ua bila kutua, pamoja na nzi wenye mrija mrefu wa kunyonyea. Jina la spishi ni moja, lakini kila upande una mchavushaji wake, na umbo limefuata.

Tembea ndani ya jenasi hiyo hiyo uone mengine. Satyrium carneum inachavushwa na ndege, chozi, yule mwenye mdomo uliopinda. Satyrium pumilum imejibanza chini, ina rangi ya madoa na harufu ya mzoga, haina nekta hata tone, na inawaita nzi wanaokwenda kutafuta nyama iliyooza. Halafu kuna Satyrium longicauda, ambayo jina lake maana yake ni mkia mrefu, na ambayo inapatikana kutoka Afrika Kusini hadi Tanzania. Nyingi zinahudumiwa na nondo. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Afrika Kusini walieleza aina yake moja ambayo imewaacha nondo na kuhamia kwa nyuki wanaokusanya mafuta badala ya nekta. Mafuta yako sehemu ya mbele ya ua. Mikia mirefu bado ipo, imekuwa kama ghala lililobaki kwenye shamba ambalo mwenyewe amebadili mazao.

Hilo neno kuhama naomba ulishike. Wanasayansi wanazungumza juu ya kuhama kwa mchavushaji: ukoo mmoja wa mimea unatoka kwa nyuki unakwenda kwa nondo, au unatoka kwa nondo unakwenda kwa ndege. Hakuna aliyekaa akapanga. Mmea umefika mahali ambapo mgeni wake wa zamani ni adimu. Katika maelfu ya maua, yale machache ambayo kwa bahati yana umbo linalomfaa mgeni aliyepo ndiyo yanayopata mbegu. Mwaka unaofuata yanakuwa mengi zaidi kidogo, na kazi hiyo inaendelea kwa muda ambao historia yetu yote ya kuandikwa ni dakika yake chache.

Matokeo yake ni kwamba sura ya ua inadanganya kuhusu ukoo. Wataalamu wa zamani waliigawa Satyrium katika makundi kwa kutazama maua. Mwaka 2005 Timotheüs van der Niet na wenzake waliyapima makundi hayo kwa vinasaba, wakakuta hayasimami. Maua yaliyofanana sana hayakuwa lazima ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu walikuwa na sura mbalimbali. Sura ilifuata mgeni, ukoo ukaendelea na njia yake. Wanafunzi wawili wakivaa sare ya shule moja hawawi watoto wa baba mmoja. Katika jenasi ya karibu iitwayo Disa, ambayo nayo inaota kwetu, Johnson, Peter Linder na Kim Steiner walichambua spishi 27 mwaka 1998, wakahesabu njia 19 tofauti za uchavushaji, na nyingine kati ya hizo zilikuwa zimezuka zaidi ya mara moja katika matawi tofauti ya ukoo.

Wengi wetu tulifundishwa mageuzi kidato cha nne kwa shingo ya twiga. Tulikariri Lamarck alisema nini na Darwin alisema nini, tukajibu mtihani, tukasahau. Darwin mwenyewe, miaka mitatu baada ya kutoa kitabu chake kikubwa, aliandika kitabu kizima cha okidi, mwaka 1862, kwa sababu aliona hakuna mahali ambapo hoja yake inaonekana wazi kama pale. Alitazama okidi ya Madagaska yenye mkia wa karibu sentimita 30, akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika chini. Nondo huyo alikuja kuelezwa mwaka 1903. Kijana wa Sumbawanga anaweza kupata A ya Baiolojia bila kuambiwa kwamba okidi zenye mikia ziko mwendo wa miguu kutoka darasani.

Sasa nirudi kwa abiria wa basi na swali lake la miti. Watu wengi wenye elimu wanaamini kwamba Ufipa ni msitu uliokatwa. Hoja yao si ya kipuuzi. Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Malungu, zile tanuri ndefu za udongo, bado magofu yake yapo, na tanuri inakula mkaa, na mkaa ni mti. Ongeza karne nyingi za kilimo na moto. Kwa hiyo, wanasema, majani haya ni kovu, na dawa ya kovu ni kupanda miti.

Nakubali kwamba wahunzi walikata miti. Nakubali pia kwamba kuna msitu wa kweli huku. Msitu wa Mbizi uko pale juu ya mji na una mbega wekundu wanaouhitaji, na anayeukata anafanya kosa. Lakini okidi hizi zinakataa kwamba uwanda mzima ni kovu. Hazivumilii kivuli cha msitu, zinataka jua na majani mafupi. Akiba yao wameificha chini ya ardhi, na huo ni mtindo wa mmea ambao tangu mababu zake umezoea kiangazi kirefu na moto unaopita juu. Na wachavushaji wao ni wa mahali pa wazi. Mnyumbuliko huu wa mikia, rangi, harufu na wageni ulichukua mamilioni ya miaka. Tanuri za chuma zina umri wa karne. Mvunja kuni hawezi kuwa ndiye aliyetengeneza ua lenye historia ndefu kuliko ya binadamu. Sisemi kila kilima kimekuwa cha majani tangu kuumbwa kwa dunia, lakini nyika kama hii ilikuwepo katika sehemu hii ya Afrika kabla ya shoka la kwanza.

Wafipa wa zamani, kwa upande wao, hawakuyaona majani kuwa si kitu. Kilimo cha ntumba, yale matuta ya mviringo, kinategemea majani. Unayakata pamoja na udongo wake, unayafukia ndani ya tuta yaoze, na msimu unaofuata udongo ulioshiba unaotesha ulezi na maharage. Mkulima wa ntumba alijua kwamba nyika ni mbolea, malisho, ezeko la nyumba na dawa. Neno tupu tumelipata baadaye, pamoja na ramani.

Na ramani ina nguvu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza humo pia ardhi ya kijiji ambayo haikaliwi au haitumiki. Mawakili wamelumbana miaka mingi jinsi kifungu hicho kinavyogongana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo. Mimi si wakili, nauliza swali la mtu wa kawaida: haitumiki na nani? Nondo anaitumia usiku, chozi asubuhi, na kuvu walio chini ya udongo wanaitumia mwaka mzima. Kijiji nacho kinaitumia kwa ng'ombe, kwa nyasi za kuezekea na kwa maji yanayochujwa polepole na mizizi ya majani. Sheria inayotambua matumizi pale tu inapoona jembe au tofali imefumba jicho moja.

Juu ya sheria limekuja wimbi la miche. Mwaka 2015 ulizinduliwa mpango wa AFR100, wa nchi za Afrika kurejesha hekta milioni 100 za ardhi iliyoharibika ifikapo 2030, na Tanzania imejiunga. Nia ni njema. Lakini mwaka 2024 Catherine Parr na wenzake waliandika kwenye jarida la Science kwamba sehemu kubwa ya ardhi iliyoahidiwa kwa miti barani Afrika haikuwa msitu kamwe, ni savana na nyika. Kwao huo si urejeshaji. Huwezi kumrudishia mtu kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, tena kwa kumnyang'anya alichonacho. Shamba la misonobari au mikaratusi likishafunga juu, chini hapaoti kitu cha maana. Picha ya setilaiti itaonyesha kijani kimeongezeka na ripoti itasifiwa. Okidi iliyozimwa kwa kivuli haina safu yake kwenye ripoti.

Msinisingizie kwamba nachukia miti. Kuni ni shida ya kweli, na mama wa Sumbawanga hawezi kupika kwa kutazama maua. Panda miti kwenye mipaka ya mashamba, kando ya barabara, shuleni, kwenye viwanja vya nyumba, na mahali ambapo msitu ulikatwa na wazee wanakumbuka majina ya miti iliyokuwepo. Ninachopinga ni tabia ya kwenda kupanda juu ya nyika ya kale kwa sababu tu haina mwenye kupiga kelele.

Kuna uharibifu wa pili, nao hauna mgeni rasmi. Unaingia kwenye gunia na kuvuka mpaka. Viazi vya okidi, vya Satyrium, Disa, Habenaria na nyingine, ndivyo vinavyopikwa chikanda. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vinachemshwa mpaka vinaganda, kisha vinakatwa vipande kama soseji. Kilikuwa chakula cha kaskazini ya Zambia. Sasa kinaliwa Lusaka na miji mingine, kwenye vibanda na kwenye hoteli, na nyika za huko zilipochoka wanunuzi waligeukia kwetu. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha makadirio kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba spishi hadi 85 zinaweza kuwa hatarini.

Soma hiyo takwimu polepole. Katika kiazi mviringo au muhogo unachukua mazao na mbegu inabaki mkononi. Okidi hizi kila mmea una viazi viwili: cha zamani, ambacho kimenyauka kwa kulisha ua la mwaka huu, na kipya, kigumu, ambacho ni akiba ya mwakani. Mchimbaji anataka kile kigumu. Kiazi kimoja ni mmea mmoja uliokwisha. Na hauwezi kuotesha mwingine kirahisi shambani, kwa sababu mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani, na haioti mpaka ikutane na kuvu anayefaa kwenye udongo unaofaa. Mimea inayobaki inakuwa imetawanyika. Nondo akipita juu ya kilima chenye maua matatu badala ya mia tatu, hana sababu ya kurudi kesho, na yale matatu yanazeeka bila mbegu. Kwa macho okidi bado zipo, lakini uzao umekatika.

Simlaumu mama anayechimba. Anajua bei ya daftari na sare kuliko mimi. Simlaumu kijana wa pikipiki anayebeba gunia. Nawalaumu wanaojua na wanaosema neno moja kwa vitu vingi. Kwenye gunia vyote vinaitwa chikanda. Kwenye mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama, okidi zote zimewekwa chini ya udhibiti wa biashara, lakini mpakani kiazi kilichokaushwa hakina sura ya spishi yoyote. Wanasayansi waliosoma vinasaba vya keki moja ya chikanda walikuta ndani yake spishi nyingi za okidi za jenasi tofauti. Mlaji ameonja tonge moja tu, na ndani ya tonge hilo kuna koo ambazo zilitumia muda usiohesabika kutengana, kila moja ikijitafutia mgeni wake.

Hapa mtu mwenye ujuzi ataniambia: tulia, ipo Kitulo. Ni kweli, na ninajivunia. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, zaidi ya kilomita za mraba 400, ilitangazwa rasmi mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, na watu wanaiita Bustani ya Mungu. Kwa hiyo, hoja inaendelea, spishi zetu ziko salama kule, Ufipa ipangiwe mambo mengine.

Hoja hiyo ndiyo inayonifanya niandike, na ndiyo inayoangushwa na kila nilichoeleza kuhusu mikia. Rudi kwenye Satyrium hallackii. Kama Afrika Kusini ingehifadhi zile za pwani tu na kusema spishi iko salama, jina lingebaki kwenye orodha na ile ya nondo ingetoweka kimya. Kama wangehifadhi kilima kimoja cha Satyrium longicauda, tusingejua kwamba kipo kingine ambapo ua limewaacha nondo na kuhamia kwa nyuki wa mafuta. Kuhama kwa mchavushaji hakutokei kwenye spishi nzima kwa siku moja. Kunaanzia mahali fulani, kilima fulani, ambapo wageni ni tofauti. Kitulo ni baridi zaidi na iko juu zaidi kuliko sehemu kubwa ya Ufipa. Uwanda wetu umekaa kati ya bonde la Ziwa Rukwa na bonde la Ziwa Tanganyika, na hewa ya joto inapanda kutoka pande zote mbili. Anayesema okidi ya Kitulo inaweza kusimama badala ya okidi ya Ufipa kwa sababu zina jina moja anafanya kosa lile lile la wataalamu wa zamani, la kudhani sura ndiyo ukoo.

Na angalia tafiti nilizozitaja za nani anachavusha nini. Karibu zote zimefanyika Afrika Kusini. Si kwa sababu kule maua ni bora. Kule kulikuwa na watu waliokubali kukaa kwenye nyasi na kusubiri. Kazi hii haihitaji maabara ya mabilioni. Inahitaji mtu mwenye daftari, rula, tochi ya kichwani, koti la baridi na msimu mmoja wa mvua. Unapima mkia. Unakaa alfajiri umwone chozi, unakaa usiku umwone nondo. Unatazama kama kifurushi cha chavua kimenata kwenye ulimi wake au kichwani. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuifanya na kuandika jambo ambalo halijaandikwa. Satyrium buchananii, jeupe, lenye mikia mirefu, linalopenda mabonde ya unyevu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Lingine ni Satyrium sceptrum, lenye rangi ya moto. Rangi na mkia vitakushawishi ubashiri mgeni kabla hujamwona. Usikubali. Subiri afike.

Nadai nini, basi? Nadai kwamba halmashauri inapopokea mradi wa miti iulize kwanza kama eneo lilikuwa msitu, na jibu litolewe na mtu aliyekwenda pale wakati wa mvua, si kiangazi ambapo kila kitu kimelala. Nadai kwamba vijiji, ambavyo tayari vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo na kupanga matumizi ya ardhi yao, vitenge vilima kadhaa na mabonde kadhaa kuwa vya majani, kwa jina hilo hilo la majani, na siyo vya akiba inayosubiri mnunuzi. Nadai kwamba uchimbaji wa chikanda uzungumzwe na wachimbaji wenyewe, wanaojua vilima gani vimekwisha na vipi vimebaki, wakubaliane kupumzisha vilima kwa zamu kabla hatujafika mahali ambapo hakuna cha kupumzisha. Wao ndio wataalamu wa kwanza wa okidi Ufipa. Wanaitambua kwa jani kabla haijatoa ua.

Na kwako wewe unayesoma, mwenye shahada au unayeitafuta, dai langu ni dogo zaidi na gumu zaidi. Acha kutumia neno tupu mpaka umekwenda kutazama. Mvua za Desemba zikianza, toka nje ya mji, acha barabara, ingia kwenye majani yanayofika magotini. Ukiona ua lenye mikia miwili usilichume. Piga magoti, lipime, andika urefu, andika tarehe, andika mahali. Kisha kaa chini, uone nani anakuja.